Kinyama cha mgonjwa kitunzwe, utafiti wa usugu wa saratani ya titi ufanyike huku kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie makala mliyoichapisha majuma mawili yaliyopita kuhusu wagonjwa wa saratani ya titi ambao dawa "zimewagomea". Mwandishi wenu alijitahidi kuwafuata kina mama hao hadi majumbani kwao, na masimulizi yao sina la kuyapinga. Kilichonitatiza ni neno moja, "saratani sugu", ambalo makala ililirudia tangu kichwa cha habari hadi aya ya mwisho bila kulieleza, na ambalo katika mkoa wetu halisomwi bila kumbukumbu. Hapa Kilimanjaro tuna Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, inayojulikana nchi nzima kwa kutibu kifua kikuu sugu, kwa hiyo mtu wa huku akisoma "sugu" anachokiona mbele ya macho yake ni mgonjwa aliyetengwa, amevaa barakoa, na ndugu wanaomsalimia kwa mbali. Siku chache baada ya gazeti kutoka nilikuwa Kiboriloni nikichagua mashuka ya mtumba, nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba wifi yake ana kansa sugu na kwamba ukoo umeamua asilale tena chumba kimoja na watoto.

Nilishindwa kujizuia, nikaomba radhi kwa kuingilia maongezi yasiyonihusu, nikamweleza kwamba ugonjwa ule hauambukizi, uwe sugu au usiwe sugu. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, mkono mmoja ukiwa bado umeshika foronya, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, kama hauambukizi, sugu ni ya nini?" Sikuwa na jibu fupi la kumpa pale sokoni, na muuza mashuka alikuwa ameshaanza kututazama vibaya, kwa hiyo nalijibu hapa.

Katika kifua kikuu, usugu ni wa kijidudu. Bakteria aliyekwisha kuzoea kuikwepa dawa hutoka na kikohozi cha mgonjwa mmoja, akaingia katika pafu la mwingine akiwa na usugu wake ule ule, na huyo wa pili huanza na ugonjwa sugu hata kama maishani mwake hajawahi kumeza kidonge cha TB. Seli ya saratani haina safari hiyo. Ni seli ya mwanamke mwenyewe, iliyozaliwa katika titi lake kutokana na seli zake, na usugu inaoupata hubaki ndani ya mwili huo huo mpaka mwisho. Hapo ndipo penye jambo ambalo makala haikuligusa, nalo ndilo lililonishikisha kalamu: ikiwa usugu huzaliwa upya ndani ya kila mgonjwa, basi hauwezi kujulikana isipokuwa kwa kukitazama kinyama, yaani kipande cha uvimbe, cha mgonjwa yule yule, kilichochukuliwa kabla ya dawa, pamoja na kingine kilichochukuliwa baada ya dawa kushindwa, na vinyama vya wanawake wetu ndivyo tunavyovipoteza.

Niseme mapema kwamba nina maslahi katika hili. Baada ya kuhitimu shahada ya uzamivu nilifanya utafiti kwa miaka minne katika chuo kikuu kimoja kaskazini mwa Uingereza, juu ya usugu huo huo, kisha nikarudi Moshi. Msomaji apime maneno yangu akijua kwamba natetea kazi inayonilisha.

Dawa niliyoishughulikia ni tamoksifeni, kile kidonge cheupe ambacho kina mama wengi wa kliniki za saratani wanakijua, miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Haikutafutwa kwa ajili ya saratani. Mwaka 1962 watafiti wa kampuni ya ICI huko Uingereza, ambako mkemia Dora Richardson aliitengeneza, walikuwa wanatafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa kazi hiyo haikufaa, na mwaka 1971 Hospitali ya Christie ya Manchester ikatangaza matokeo ya kwanza ya kuwapa wanawake wenye saratani ya titi iliyokwisha kukomaa. Seli nyingi za saratani hii zina vipokezi vya homoni ya estrojeni, na homoni ikishaingia katika kipokezi, seli huamriwa kugawanyika. Tamoksifeni huwahi kiti hicho na kukikalia, homoni ikija inakuta pamejaa. Duniani, saratani za titi zipatazo saba katika kila kumi zina vipokezi hivyo, na kwa wanawake wa kundi hilo miaka 5 ya kidonge hiki hupunguza vifo vinavyotokana na ugonjwa huu kwa karibu theluthi moja. Katika tiba nzima ya saratani sijui kidonge kingine cha bei ndogo namna hii kinachofanya kazi kubwa namna hiyo.

Kazi yangu mimi ilikuwa kukifanya kishindwe. Unazipanda seli ndani ya chupa bapa ya plastiki, unazilisha maji yenye sukari na protini, kisha unatia tamoksifeni kidogo kidogo, ukiongeza kila zinapoonekana kuvumilia. Kwa kawaida maji hayo ya kuzilishia huwa na rangi ya waridi inayokuonyesha kiwango cha asidi, ila kwa kazi hii hutumika yasiyo na rangi, maana ile rangi huja na uchafu unaoigiza estrojeni na kuvuruga jaribio zima; mimi nilipoteza majuma sita ya mwanzo kwa kutolizingatia hilo, na msimamizi wangu hakunisaidia kusahau. Miezi ya kwanza seli hukonda, huachana, nyingine huelea juu zikiwa zimekufa, na ukitazama kwa hadubini chupa inafanana na shamba lililopitiwa na nzige. Unaendelea kulisha kitu kinachoonekana kimekwisha. Halafu asubuhi moja, mwezi wa tano au wa sita, unakuta karibu na ukingo wa chupa kisiwa cha seli kama ishirini hivi, zimeshikamana, zinang'aa, na dawa haizisumbui tena. Kufikia mwezi wa tisa chupa imejaa.

Ukizichunguza hizo zilizobaki, unakuta hazikupita mlango mmoja. Baadhi zimeacha kutegemea kile kipokezi cha estrojeni na kuhamia katika njia nyingine ya kupokea amri ya kukua, mara nyingi kwa kupitia protini iitwayo HER2. Kwa wagonjwa waliotibiwa kwa dawa zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni, huonekana jambo jingine: kinasaba chenyewe kinachotengeneza kipokezi, kiitwacho ESR1, kimebadilika herufi moja tu mahali fulani, na kipokezi kinatoa amri mchana na usiku bila homoni yoyote kuingia. Kwa upande wa dripu, zile dawa kali kama doksorubisini, ambayo wagonjwa wanaiita dawa nyekundu na ambayo huwashtua wasioonywa kwa kugeuza mkojo kuwa mwekundu, seli nyingine hujipachika pampu ukutani na kuitema dawa nje kila inapoingia. Pampu hiyo ilielezwa mwaka 1976 na Rudolph Juliano na Victor Ling wa Toronto, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba ikizibwa tu, tatizo limekwisha; majaribio ya kuiziba kwa wagonjwa yakaja kukatisha tamaa moja baada ya jingine, kwa sababu mwili nao unazihitaji pampu hizo kujitoa sumu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinikosesha raha miaka yote minne. Seli nilizozitumia zinaitwa MCF-7, nazo zinatumika katika maabara karibu zote za saratani ya titi duniani. Zilitoka katika maji yaliyovutwa mwaka 1970 pembeni mwa mapafu ya mtawa mmoja wa Kikatoliki wa Marekani aliyekuwa na umri wa miaka 69, na zikatangazwa mwaka 1973 na taasisi ya saratani ya Michigan, mjini Detroit, baada ya majaribio kadhaa ya kuotesha seli kushindikana. Yule mtawa alifariki zamani na seli zake bado zinaishi, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu tamoksifeni na kushindwa kwake kilianza kwake. Ninamheshimu sana. Hata hivyo ni mwanamke mmoja, na wa Michigan. Saratani zisizo na kipokezi cha estrojeni wala cha homoni nyingine, projesteroni, wala HER2, ambazo kwa hiyo tamoksifeni haina pa kuzishika, hutokea kwa sehemu kubwa zaidi miongoni mwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko miongoni mwa wanawake wa Ulaya, na chupa ya MCF-7 haiwezi kukuambia lolote kuhusu hizo, hata ukiilisha miaka mia.

Mfano mwingine uko ndani ya ini. Tamoksifeni haifanyi kazi yake kubwa ikiwa kama ilivyomezwa. Kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 huigeuza kuwa endoksifeni, ambayo hukishika kipokezi kwa nguvu zaidi. Mwaka 1996 Collen Masimirembwa, mwanasayansi wa Zimbabwe, pamoja na wenzake walieleza aina ya kinasaba hicho inayopatikana kwa wingi katika watu weusi wa Afrika, na ambayo hukifanya kimeng'enya kifanye kazi kwa ulegevu. Mwanamke mwenye aina hiyo anaweza kumeza kidonge kile kile anachomeza mwenzake wa Manchester na kupata endoksifeni kidogo kuliko yeye. Iwapo upungufu huo unatosha kumrudishia ugonjwa, wataalamu wanabishana hadi leo, na mimi sishauri mtu yeyote aache dawa kwa sababu ya aya hii. Ninachosema ni kwamba ubishi huo umeendeshwa zaidi kwa damu na vinyama vya Wazungu, na hautamalizwa kwa njia hiyo.

Naomba uniruhusu nieleze la nyumbani. Shangazi yangu, mkulima wa ndizi na kahawa huko Machame, alifanyiwa upasuaji wa uvimbe katika titi la kushoto nikiwa bado mwanafunzi. Hospitali aliyopasuliwa sitaitaja, kwa kuwa wakati ule ingeweza kuwa hospitali nyingine yoyote. Kinyama kilipotolewa nilikabidhiwa mimi nikipeleke maabara ya mji mwingine, kikiwa ndani ya kichupa chenye mdomo mwembamba kilichowahi kuwa na dawa nyingine, na maji ya formalini, dawa ya kuzuia kinyama kisioze, yalikuwa hayajakifunika hata kidogo upande wa juu. Kwenye lebo paliandikwa jina lake kwa kalamu ya wino, basi. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Nilipanda basi na kichupa nimekifunga ndani ya kanga nikikipakata kama yai, nikafika maabara imefungwa, nikalala kwa rafiki, na kinyama kikapokelewa Jumatatu.

Leo ninajua nilichokibeba. Kinyama cha titi kinatakiwa kiingie katika formalini ndani ya saa moja tangu kukatwa, kiwe kimepasuliwa ili maji yapenye hadi katikati, maji yenyewe yawe kama mara kumi ya ukubwa wake, na kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72. Kikicheleweshwa au kikibanwa katika maji machache, katikati yake huoza polepole na vipokezi hupotea, kisha mtaalamu wa patholojia, anayechunguza vinyama kwa hadubini, husoma bila kosa lolote kwamba mgonjwa hana vipokezi. Majibu ya shangazi yalisema ni saratani. Kipimo cha vipokezi hakikufanyika kabisa, na akaanzishiwa tamoksifeni, labda kwa hesabu kwamba ni nafuu na haimdhuru. Alikimeza kidonge chake kila jioni baada ya sala, pakiti ikikaa juu ya kabati la vyombo pamoja na Biblia, kwa miaka miwili na miezi kadhaa, mpaka mgongo ulipoanza kumuuma na picha ikaonyesha ugonjwa umeingia mfupani.

"Dawa imegoma," tukaambiwa. Neno hilo likafika kijijini kabla yetu. Kwenye sherehe ya kipaimara cha mjukuu wake niliiona kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikizunguka kutoka mkono hadi mkono, kama desturi ilivyo, na ilipofika kwa mtu aliyeketi kulia kwake ikarukishwa kwenda kwa aliyeketi kushoto. Hakusema kitu. Aliweka mikono mapajani na kuendelea kuimba na wenzake.

Nilipokuja kusoma mambo haya nikarudi kukitafuta kile kinyama. Maabara ya patholojia hukigandisha kinyama ndani ya kibonge cha nta ya parafini, ambacho sisi tunakiita bloku, na bloku iliyotunzwa mahali pakavu pasipo joto kali inaweza kupimwa vipokezi hata baada ya miaka mingi. Nilipekua daftari la mapokezi nikalikuta jina lake na namba yake kwa mwandiko mzuri sana. Bloku haikuonekana. Kijana wa maabara aliniambia kwa upole kwamba nyingine waliwapa ndugu wakaondoka nazo, nyingine zililiwa na panya walipohamisha stoo, maana panya wanapenda nta. Kwa hiyo hatutajua kama tamoksifeni ilimfaa shangazi kwa miaka miwili kisha seli zake zikapata ujanja, au kama tangu kidonge cha kwanza hakukuwa na kipokezi cha kukalia. La kwanza ni usugu. La pili ni kumpa mtu dawa isiyo yake, na hakuna utafiti wa molekuli unaohitajika kulitibu, bali chupa yenye mdomo mpana, formalini ya kutosha, na saa iliyoandikwa kwenye lebo.

Kuna na la tatu, ambalo nalo huandikwa usugu. Kidonge huisha dirishani, mgonjwa akaambiwa apite wiki ijayo, nauli ya wiki ijayo haipo; au joto la ghafla na jasho la usiku linamchosha, akaacha kimya kimya, na kwenye kliniki anasema anaendelea kwa sababu anamwonea daktari haya. Wengine huongezewa dawa za sonona kama fluoksetini au paroksetini, zinazokizuia kile kimeng'enya cha ini, na hakuna aliyewauliza. Tunaokumbuka misururu ya magari ya kwenda Samunge kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Loliondo mwaka 2011 hatuna haja ya kufundishwa jinsi mtu mwenye maumivu anavyoweza kukiweka kidonge kando. Mtafiti asiyeyatenganisha makundi haya matatu atatumia fedha nyingi kutafuta mabadiliko ya vinasaba kwa mwanamke ambaye dawa hakuinywa.

Watu wa mlimani hawahitaji kubembelezwa juu ya umuhimu wa kuuchunguza ugonjwa mahali ulipo. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo kiko kwenye mteremko wa Kilimanjaro tangu miaka ya 1930 kwa sababu mibuni iko hapo, na miche chotara inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, ambayo leo inapandwa vihambani, ilipatikana kwa watu kukaa na mibuni inayougua, msimu baada ya msimu. Hakuna aliyependekeza chulebuni ya Kilimanjaro ichunguzwe Brazil, ambako ugonjwa huo haupo kabisa, kisha tuletewe matokeo kwa posta. Kwa titi la mwanamke tunaona ni sawa.

Na watu wa kuifanya kazi hiyo wapo, ingawa hawana pa kukaa. Katika nchi nilikokuwa, kazi kubwa ya mikono katika maabara za saratani hufanywa na watafiti wa baada ya uzamivu, yaani mtu aliyekwisha kupata udaktari wa falsafa, hajawa mhadhiri, anaajiriwa kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu afanye utafiti tu, asubuhi hadi jioni, akiwa bado na ari na mkono mwepesi. Cheo hicho katika vyuo vyetu vingi hakina kiti. Ukirudi na shahada yako unapangiwa masomo ya kufundisha, na si vibaya kufundisha, ila mimi muhula uliopita nilisahihisha mitihani ya wanafunzi zaidi ya mia tatu, na seli hazisubiri likizo; zisipolishwa kwa wakati zinakufa. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye alikaa mwaka mzima hivyo, kisha akarudi Ulaya, na sasa anachunguza usugu wa saratani za wanawake wa huko. Simlaumu.

Nasikia jibu ambalo nimepewa mara kadhaa, kwamba ni anasa kuchunguza usugu mahali ambapo wanawake wengi hufika hospitali uvimbe umeshapasuka ngozi, na ambapo kinyama cha kwanza chenyewe ni taabu, seuze cha pili. Jibu hilo lina uzito, na kwa upande wa uchunguzi wa mapema sina la kubishana nalo. Lakini mwanamke aliyechelewa ndiye atakayetegemea dawa zaidi ya mwingine, na dawa tulizo nazo ni chache. Kumjua mapema yule ambaye tamoksifeni haitamfaa ni kumwokolea miezi ambayo hana. Kuhusu kinyama cha pili, si kila mgonjwa wa kuchomwa tena sindano, wala haifai kumchoma mtu kwa ajili ya udadisi wangu kama majibu hayatabadilisha matibabu yake. Mabadiliko ya ESR1 yanaweza kuonekana katika damu ya mkononi, na Marekani iliidhinisha Januari 2023 dawa ya elasestranti kwa wagonjwa wanaopatikana na mabadiliko hayo, pamoja na kipimo cha damu cha kuwabaini. Bei ya dawa hiyo kwa sasa haituhusu. Mirija miwili ya damu iliyohifadhiwa kwenye jokofu inatuhusu.

Upande wa taratibu, njia ipo. Utafiti wa namna hii hupitia kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, mgonjwa hutoa ridhaa kwa maandishi, na kinyama hakivuki mpaka bila mkataba wa kukihamisha. Moshi kuna hospitali ya rufaa ya KCMC yenye huduma ya saratani, na kuna taasisi ya utafiti wa kitabibu jirani yake. Tengeru, nje kidogo ya Arusha, kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia inayofundisha uzamili na uzamivu. Kutoka geti la moja hadi geti la nyingine ni safari ya asubuhi moja kwa Coaster, na kisanduku cha barafu kinafika kabla hakijayeyuka, foleni ya Usa River ikiruhusu. Ninachoomba kwa wanaopanga bajeti ni nafasi mbili au tatu za utafiti wa baada ya uzamivu kati ya miji hii miwili, zisizo na mzigo wa kufundisha, na chumba kikavu chenye makabati ya chuma yasiyoingia panya, ambamo bloku zitapangwa kwa mwaka na kwa namba. Chumba kitangulie. Nafasi bila bloku zitanirudisha kwa yule mtawa wa Michigan.

Kwako Mhariri nina maombi mawili. La kwanza, mkirudi kuandika habari hii, tafadhali andikeni kwamba dawa "imeacha kuidhibiti saratani hiyo", au neno lolote mtakaloona linafaa, na pembeni yake, hata kwa sentensi moja, kwamba haiambukizi. Yule mama wa Kiboriloni ni msomaji wenu, gazeti alikuwa nalo mkobani. La pili, mtumeni mwandishi wenu katika maabara za patholojia za mikoa hii ya kaskazini, moja baada ya nyingine, akaombe kuonyeshwa bloku za saratani ya titi za miaka mitano iliyopita, na atuandikie ziko wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtafiti wa saratani,
Moshi, Kilimanjaro.